Turubai la Mkwe

Zawadi ilibebwa na watu watatu na bado iliwashinda. Waliitua njiani, wakapumua, wakaibeba tena mpaka barazani. Ilikuwa ndefu kuliko mlango wa nyumba, imeviringishwa kwa nailoni na kufungwa kamba kila mahali penye kufungika. Mkwe alitangulia mbele akiwaelekeza wachukuzi, kifua mbele, kama mtu anayeleta mahari kwa mara ya pili.

"Mama," alimwambia mama mkwe wake, "jua limekwisha leo."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na mtoto wa mtu kiunoni. Mtaa mzima ulimwita Bibi, ingawa wajukuu wa damu alikuwa bado anawasubiri. Wanawake wanaokwenda kazini walimwachia watoto wao asubuhi wakawachukua jioni, na kwa kuwa vyumba vilikuwa vidogo, watoto walishinda barazani. Baraza lenyewe lilitazama upande jua linakotua. Ikifika alasiri sakafu ilichoma nyayo, watoto wakajibana ukutani kufuata uzi mwembamba wa kivuli. Mama mmoja alikwisha kumhamisha mwanawe, na mwingine alikuwa kila jioni akimpapasa wake shingoni, mahali penye vipele vya joto. Bibi alilitaja jambo hilo mara moja tu, akizungumza na binti yake kwenye simu. Binti alimwambia mumewe, na mumewe ndiye huyu.

"Ahsante, mwanangu," Bibi alisema. "Umejitia gharama."

"Gharama gani kwa mama?"

Fundi aliyekuja naye alikuwa mwembamba, mwenye maneno mengi na mikono isiyotulia. Alichana nailoni, akawaonyesha. Lilikuwa turubai la mikono: kitambaa kizito cha mistari ya kijani na nyeupe kimezungushwa kwenye bomba refu, na kwenye bomba mna mikono miwili ya chuma inayojikunja kwenye kiwiko. Ukizungusha mpini, mikono inajinyoosha na kukisukuma kitambaa mbele. Ukizungusha kinyume, vyote vinarudi ukutani.

"Ila kamba hizi hakuna kukata mpaka likae juu," fundi alisema. "Ndani ya mikono mna springi. Kuna mtu alizikata turubai likiwa chini, mkono ukafyatuka ukamvunja taya. Alikunywa supu kwa mrija mpaka mke akamzoea hivyo."

Mkwe alicheka. Mume wa Bibi naye alitoka ndani akicheka, ingawa mwanzo wa maneno hakuusikia, akifunga vifungo vya shati.

Huyo majirani walimwita Mkanda. Katika mtaa ule, alisema, nyumba yake peke yake ndiyo iliyojengwa kwa mkanda wa zege: nondo na kokoto vimezunguka kuta zote juu ya madirisha, kama kamba inavyofunga mzigo. Aliyasema hayo harusini na msibani. Mvua kubwa ikinyesha, wenzake wakihangaika na nyufa, yeye alinyoosha miguu barazani akauliza kama kuna anayetaka kuja kulala kwenye nyumba ya wanaume. Kinyozi wa nyumba ya tatu ndiye aliyeanza kumwita Mkanda kwa kumsimanga. Lakini mtu hasimangwi kwa kile anachojivunia. Mwenyewe alilipenda jina, akawa analiitikia.

"Sasa, mzee," fundi alimgeukia, "hili likifunguka lote linavuta ukuta vibaya sana. Mzigo wote uko mbele, kilichoushika ni bolti hizi chache. Ukuta wako ndani una nini?"

Mkanda alitabasamu. Miaka mingi alikuwa amewapa watu jibu hilo bila kuulizwa, na leo kaulizwa.

"Una mkanda," alisema.

Bibi alimhamishia mtoto upande wa pili wa kiuno.

Ndani ya ukuta ule hamkuwa na mkanda. Hamkuwa na zege wala ncha ya nondo. Mlikuwa na matofali ya udongo kutoka chini mpaka kwenye mabati, na nje yake plasta iliyonenepeshwa kidogo na kunyooshwa kwa rula, ili jicho likiona liseme mkanda. Waliolijua hilo walikuwa wawili, Bibi na mwashi, na mwashi alikwisha kufa.

&nbsp;

Wakati nyumba inajengwa Mkanda alikuwa dereva wa malori ya masafa. Alinunua nondo na saruji, akavipanga uani, akamwachia mwashi kazi na mke funguo, akaondoka. Ndipo mtoto wao, binti wa pekee, hata kukaa hajajua, alipoanza kuhema kama aliyekimbizwa. Hospitali walitaka pesa mezani kabla ya kumlaza. Wakati ule mtu akiwa barabarani hapatikani mpaka arudi. Bibi alitazama ndani aone kuna nini cha kuuza, akaona kitanda. Akatazama uani, akaona nondo.

Mwashi alimtafutia mnunuzi. Mwashi huyohuyo ndiye aliyesema, "Shemeji, mimi nitapiga plasta. Hayo mengine Mungu atayashika."

Mkanda aliporudi, mtoto alikuwa anacheka. Bibi alimwambia mtoto alipata homa, na homa kweli ilikuwamo. Mengine aliyaweka amwambie akishakula. Lakini akiwa bado anapasha chakula, mume alitoka na mtoto mkononi, akasimama njiani akimwonyesha kila apitaye ule mstari ulionyooka juu ya madirisha. Sauti yake ilisikika mpaka jikoni. Kesho, Bibi alijiambia. Kesho ikazaa kesho nyingine, binti akatembea, akasoma, akaolewa. Kila mume alipojisifu mbele za watu na kumgeukia, "Au siyo, mama?", yeye alijibu, "Kweli kabisa." Kilemba cha ukoka alimvika kwa mikono yake, akazoea kukiona kichwani pa mumewe.

Na ukuta ulisimama. Ukuta wa tofali tupu hauna neno kama hakuna anayeutaka kitu.

"Baba," alimwita mumewe, "hebu njoo jikoni mara moja."

Mkanda alikuja, akasimama kizingitini, mguu mmoja ndani mmoja nje.

"Hilo turubai. Unaonaje wakalisimamishia nguzo mbili kwa mbele?"

"Nguzo? Kitu kina mikono yake, wewe unakipa magongo?"

"Naogopa watoto."

"Unaogopa nini na ukuta wenye mkanda?" Alimshika bega. Alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha ni mgumu kuambiwa jambo. "Mkwe kaja na zawadi yake ya kwanza ya maana. Mchekee kijana, mama. Usiivunje shughuli."

Alikwisha kugeuka. Bibi alisikia maneno yamefika kwenye ulimi, yakakaa hapo, yakarudi. Alitoka nyuma yake akajaribu njia ya uani: akamwambia fundi kwamba labda turubai lingekaa vizuri upande wa nyuma, chini, penye msingi wa mawe. Fundi alisema turubai la kufunga chini litawakata watu shingo. Akajaribu tena, akasema labda wangesubiri msimu wa upepo upite.

Mkwe aliinua uso. "Mama hajalipenda," alisema taratibu, kama anayemwambia mtu mwingine. "Rangi labda. Nilijua ile ya bluu ingekuwa bora."

"Nimelipenda, mwanangu."

"Wanaweza kubadilisha. Nitalirudisha tu."

"Halirudi!" Mkanda alisema, akamkazia macho mkewe. "Mama yenu leo kaamkia upande mbaya. Fundi, panda."

Bibi aliona aibu imempanda mkwe mpaka masikioni. Kijana alikuwa amejipinda kuinunua zawadi ile. Viatu vyake vilivyolika visigino vilisema hivyo.

&nbsp;

Drili ilizama kama kisu kwenye papai. Fundi aliizima, akachungulia tundu, kisha akakinga kiganja chini yake. Vumbi likamwagika, jekundu.

"Mzee," alisema toka juu ya ngazi, "vumbi la zege ni la kijivu."

"Hiyo ni tofali ya nje. Mwashi aliifunika zege kwa tofali nyembamba ili plasta ishike. Ingia ndani."

Fundi alibadilisha msumari wa drili, akaweka mrefu. Vumbi likaendelea kushuka, likajipanga kwenye ngazi nyeupe ya baraza.

"Bado jekundu."

"Kijana, nyumba hii nimejenga mimi au wewe?"

Aliyasema kwa kicheko, lakini kicheko kilikuwa juujuu. Fundi alimtazama mkwe, ambaye ndiye aliyemleta. Mkwe alitazama chini, kama inavyompasa mkwe baba wa mke wake akipandisha sauti. Jambo lililotakiwa kuamuliwa na drili likaamuliwa na adabu. Fundi alipuliza vumbi kwenye tundu, akaanza tundu la pili.

Bibi alitoka na ufagio. Hakuna aliyemtuma. Alilizoa vumbi lile upesi kabla mumewe hajalitazama sawasawa, akalipeleka nyuma ya nyumba akalimwaga kwenye taka. Alibaki amesimama pale na kizoleo mkononi. Miaka yote alikuwa akidanganya kwa kunyamaza, na kunyamaza hakuna kazi. Sasa alikuwa anadanganya kwa ufagio. Alijichukia, na aliogopa.

Aliporudi, vyuma vya kushikilia vilikwisha kukazwa, na turubai lilikuwa linapandishwa na watu wote waliokuwepo.

&nbsp;

Kamba zilikatwa. Fundi akachomeka mpini kwenye pete, akaanza kuzungusha. Viwiko vya chuma vilifunguka taratibu, kitambaa kikaja mbele na kivuli chake kikaja chini yake, kikafunika ngazi, kikafunika sakafu ya moto, kikafika mpaka kwenye benchi ambalo Bibi alikuwa amelilaza njiani kuwazuia watoto. Watoto wote walitazama juu. Kisha mmoja akapiga makofi.

"Sasa nisikilizeni," fundi alisema, akiendelea kuzungusha. "Hiki ni kivuli cha jua, si paa la mvua. Mvua ikija, kunja. Maji yakituama katikati ni mzigo wa ng'ombe. Upepo ukianza kutikisa majani ya juu, kunja. Mkilala, kunja. Mkitoka, kunja. Likiloa, msilikunje mkaliacha hivyo, lifungueni likauke, la sivyo litaota ukungu linuke. Majani makavu mtayafagia kwa brashi laini. Wala msining'inize kitu kwenye mikono, hata leso."

"Umesikia, mama?" Mkanda alisema. "Hata leso."

Bibi hakuwa anasikiliza. Alikuwa anakitazama chuma cha kulia. Chini yake, kwenye ule mstari ulionyooka, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na kutoka kwenye ufa mchanga ulikuwa unadondoka kidogokidogo, ukitulia, ukidondoka tena kila fundi alipozungusha.

"Picha!" mkwe alisema. Uso wake ulikuwa umerudi. "Baba, kaa katikati. Watoto waje wote. Nimemwandikia mke wangu, anasubiri aone."

Mkanda alikibeba kiti chake mwenyewe, akakiweka katikati ya kivuli, akakaa na mikono juu ya magoti kama anayengoja kuapishwa. Watoto hawakungoja kuambiwa mara mbili. Wengine walilipanda benchi, wengine walipita chini yake kwa magoti. Mdogo kuliko wote alikaa juu ya kandambili za Mkanda.

Bibi alifungua mdomo kusema kwamba uji unaungua, kila mtoto aje jikoni. Ulikuwa uongo mdogo, mwepesi, na ungewatoa wote. Kwa leo. Kesho wangekaa hapohapo, na kesho Bibi alikuwa anaijua.

"Tokeni hapo chini," alisema.

Mkwe aliinua macho kutoka kwenye simu. "Mama?"

"Tokeni!" Alilivuka benchi, akamkamata mtoto wa kwanza mkono, wa pili mkono. "Baba, nawe toka. Ukuta huo hauna mkanda. Hauna kitu. Nondo niliziuza."

Mkanda alimtazama kama anayesubiri utani umalizike. Fundi hakusubiri. Alianza kuzungusha mpini kinyume, polepole, macho yakiwa juu, midomo ikihesabu kitu. Turubai lilirudi, kivuli kikajiondoa sakafuni, na jua likamkuta Mkanda bado kitini. Fundi akapanda ngazi, akashika kichwa cha bolti ya kulia kwa vidole viwili. Ikatoka, kama jino la mtoto.

 Fundi alishuka nayo, akaifuta kwenye suruali.

"Nilisema vumbi jekundu," alisema, si kwa mtu yeyote.

&nbsp;

"Nondo zilikwenda wapi?" Mkanda aliuliza.

"Hospitali."

"Nani alikuwa mgonjwa?"

"Mtoto."

"Uliniambia homa."

"Haikuwa homa tu. Alishindwa kuhema."

Mkwe aliishusha simu. Kwenye kioo chake, mtu aliyekuwa anasubiri picha alikuwa ameandika: Mbona kimya? Alisoma, akaitia simu mfukoni, kisha akaitoa akaisoma tena, kana kwamba anahakikisha mkewe yupo.

Mkanda alisimama. Alimtazama mkewe, akautazama ule mstari juu ya madirisha, kuanzia mwanzo wake mpaka kwenye kona, na Bibi aliona anahesabu: harusi zote, misiba yote, kila mlango aliosimama akasema. Kweli kabisa, kweli kabisa. Aliingia ndani. Punde akatoka tena, kwa sababu kandambili zake zilikuwa bado barazani na mtoto amezikalia. Ilimbidi asubiri, mbele ya mkwe na fundi, mpaka mtoto alipoinuliwa.

Walipobaki wenyewe, fundi aliugonga ukuta kwa vifundo vya vidole, huku na huku.

"Inawezekana," alisema. "Tunatoboa mpaka upande wa pili. Bolti ndefu zipite ukuta wote, na kwa ndani tuweke bamba la chuma, pana, ligawane mzigo na matofali mengi. Nimefanya hivyo penye kuta mbaya kuliko hii. Ila bamba litaonekana sebuleni, mama. Bamba na vichwa vya bolti. Hakuna namna ya kulificha."

"Labda tumwulize baba," mkwe alisema.

Hakuna aliyenyanyua mguu kwenda kumwuliza. Dirisha la chumbani lilikuwa wazi.

"Wekeni," sauti ilisema toka ndani.

&nbsp;

Mabamba yakawekwa, mawili, meusi, moja kila upande wa dirisha la sebule, na moja likawa juu kidogo ya kiti ambacho Mkanda hukaa. Fundi alilijaribu turubai kwa kuning'iniza magunia ya mchanga mbele yake, akaondoka akaja kesho yake akayakuta hayajashuka hata kidole, ndipo akasema watoto waje. Watoto walikuja. Yule aliyehamishwa naye alirudishwa, mama yake akamtua tu barazani na mfuko wa nepi.

Ndani ya nyumba hakukuwa na ugomvi. Bibi alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Alikwisha kuyapanga majibu yake yote, na maswali hayakuja. Mkanda alikula alichopewa na kushukuru. Akiitwa njiani kwa jina la Mkanda, hakuitika. Mara ya kwanza watu walidhani hasikii.

Turubai akalifanya lake. Mpini aliuweka chumbani, nyuma ya mlango, wala hakumwachia mtu. Asubuhi alitoka akatazama mbingu, akatazama majani ya mti wa jirani, ndipo akazungusha. Jioni alipitisha brashi kwenye kitambaa, akajaribu kila bolti kwa spana. Maneno aliyomwambia mkewe yalihusu kitu hicho kimoja.

"Upepo," alisema.

"Naona," Bibi alijibu, akaondoa watoto.

Siku moja alikuta nepi zimeanikwa kwenye mkono wa turubai, zinatiririka maji. Alizitoa moja moja, akazikunja, akamletea mlangoni.

"Mkono si kamba."

"Kamba imejaa, baba."

"Fundi alisema hata leso."

"Alisema."

Jioni yake alifunga kamba nyingine uani, ndefu, akaikaza mpaka ikalia. Hakumwambia. Bibi aliikuta asubuhi, na ilimwuma kuliko kama angemtukana.

Kisha siku moja mawingu yalipokuwa yanajikusanya, na yeye anakunja, alisema bila kugeuka, "Alikuwa anahemaje?"

Bibi alikuwa anapanga vikombe vya watoto. Alivitua chini. Hakujua kusema, kwa hiyo akamwonyesha: akafungua mdomo akahema kama mtoto yule alivyokuwa akihema, mbavu zikiingia ndani, pumzi fupifupi zisizofika popote. Mpini ulisimama mkononi mwa Mkanda.

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Barabarani."

Matone ya kwanza yalianguka kwenye kitambaa. Alimalizia kukunja, akaingia ndani na mpini wake.

&nbsp;

Kinyozi alikuja kumnyoa nyumbani. Zamani Mkanda alikwenda mwenyewe kibandani, mahali penye wasikilizaji. Sasa alikwisha kuota ndevu mpaka shavuni, na kinyozi aliona ni aibu kwa biashara yake.

"Hodi, Mkanda!"

Aliyeitika ni Bibi. Alimkaribisha, akarudi jikoni kukoroga uji wa watoto. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Aliona mgongo wa kinyozi, na kichwa cha mumewe kimefunikwa taulo, kidevu kimeinuliwa, shavu moja lina povu. Aliona pia kinyozi anakwangua mara mbili, anasimama, anatazama ukutani.

"Bwana wee. Haya machuma ni ya nini?"

"Ya turubai."

"Turubai liko nje." Kinyozi aliligusa bamba kwa mpini wa wembe, likatoa sauti. Alikuwa amekinunua kicheko chake miaka mingi iliyopita, na leo alikuja kukichukua. "Yaani mwenye nyumba ya wanaume anatoboa ukuta mpaka sebuleni? Si mnao mkanda? Au mkanda haupo?"

Mwiko ulisimama chunguni. Bibi alijua kwamba neno moja la mumewe, lolote lile, litafika kibandani kabla ya mchana na mtaani kabla ya jioni. Akisema upo, watarudi wote wawili kwenye uongo, na safari hii watakaa humo wakitazamana. Akisema haupo, ataulizwa ulikwenda wapi.

Mtu mwenye wembe shingoni hawezi kugeuza kichwa. Mkanda alitazama mbele.

"Upo," alisema.

Bibi alifumba macho.

"Uko wapi?"

"Ameuoa mkwe wangu."

Kinyozi alicheka. Alicheka sana, akajipiga paja, kisha akaona anacheka peke yake, kicheko kikapungua mpaka kikaisha.

"Sijaelewa."

"Binti yangu alikuwa anakata roho, na mimi sipo. Mama yake akaziuza nondo zangu akamrudisha nazo." Alikohoa kidogo, povu likamshuka shingoni. "Wote nyie mna nyumba. Nani kati yenu mkanda wake unampigia simu kila Jumapili?"

Kinyozi aliinama akaosha wembe, akauosha zaidi ya ulivyohitaji.  Jikoni Bibi alikuwa ameziba mdomo kwa upindo wa nguo na machozi yanamtoka hovyo, bila mpango wala heshima, na hakuyazuia.

Nje majani ya mti wa jirani yalianza kutikisika. Mkanda aliyaona dirishani kabla ya mtu yeyote. Alilivua taulo, akauchukua mpini nyuma ya mlango, akapita jikoni na povu lake la upande mmoja.

"Mama, toa watoto. Upepo."

"Naenda."

Walitoka pamoja. Uji uliachwa motoni ukaungua, safari hii kweli, na harufu yake ikamfikia kinyozi, aliyebaki peke yake sebuleni na wembe mkononi, chini ya bamba.

"Mkanda!" aliita. "Rudi, bwana, umenyolewa nusu!"

Viwiko vya chuma vilikuwa vinajikunja. Bibi alikuwa na mtoto kila mkono.

"Nakuja," Mkanda aliitika.